Gita Limeshukia Kidatu

Kidatu kuna kituo cha reli ambapo njia mbili hukutana lakini haziungani. Reli ya Kati, tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, inayotoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi, lakini vidole hivyo vinatosha kulizuia behewa lisiendelee na safari. Mzigo uliotaka kuhama njia ulishushwa, ukahesabiwa, kisha ukapakiwa upya.

Wasikilizaji, mazungumzo haya ni ya muziki wa bendi, reli imetajwa kwa sababu. Kila bendi ya vijana ikikalishwa mbele ya kipaza sauti, swali la kwanza huwa ni lilelile: mmevutiwa na nani? Na majibu hayapishani sana. Atatajwa mpiga gita wa Marekani, itatajwa bendi ya Uingereza, atatajwa Mkongo mmoja na Mnigeria mmoja. Mtangazaji anaitikia, wimbo unapigwa, kipindi kinaisha. Kumbe hapo limejibiwa nusu ya swali. Mzigo ulitoka wapi, tumeambiwa. Ulipofika Kidatu ulifanywa nini, hatukuambiwa. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayoipa bendi sauti ya kwake, na mkoa wa Morogoro, ambao bonde la Kilombero ni sehemu yake, una mifano ya kutosha.

Wa kwanza ni Salum Abdallah Yazidu wa Morogoro mjini, aliyejulikana kwa herufi zake, SAY. Ujana wake uliangukia kwenye santuri za GV, zile zilizoleta muziki wa Cuba kwenye gramafoni za Afrika. Masimulizi yanayopendwa sana juu yake yanasema aliukolea muziki huo hadi akatoroka nyumbani, akafika Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba. Meli hakuipata. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha kundi la La Paloma, lililotangulia Cuban Marimba Band.

Angefika Havana, pengine angekuwa mpiga maraka mmoja kati ya maelfu. Kwa kuwa hakufika, ilimbidi aijenge Cuba yake chini ya milima ya Uluguru, kwa vyombo alivyovipata na kwa lugha aliyoijua. Mdundo ulikuwa wa ng'ambo. Maneno yakawa Kiswahili safi, yenye mafumbo ya mapenzi na mawaidha. Salum alifariki mwaka 1965, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Jina la Cuba halikufutwa, ingawa kufikia hapo muziki wenyewe ulikuwa umeshapata uraia.

Mtaa wa pili, kwa namna ya kusema, kulikuwa na Morogoro Jazz Band. Bendi hiyo ilianza mwaka 1944, na mwaka huohuo ndio aliozaliwa kijana aliyekuja kuipeleka mbali kuliko waanzilishi walivyoota: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi ikapelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Watu walimwita Soloist National. Wanaosema jogoo la shamba haliwiki mjini watafute methali nyingine wakifika Morogoro.

Mbaraka naye aliulizwa, kama wanavyoulizwa wote, na sikio lolote linajibu kwa niaba yake: Kongo. Magita ya kina Dokta Nico na Franco yamo mle ndani. Lakini isikilizwe rekodi yake moja kwa utulivu, chombo kimoja kimoja. Besi haikimbii, inatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Gita la rizimu linakata katikati, kavu, halibadiliki. Juu yake kuna gita la pili linalorudia kijisehemu kifupi bila kuchoka, na kijisehemu hicho ndicho kinachomfanya mtu aanze kutikisa bega kabla hajajua ni wimbo gani. Gita la solo lenyewe linasubiri. Sauti ya Mbaraka inaingia, inasimulia kisa chake taratibu kama mtu anayeongea barazani, na kila anapovuta pumzi solo inachomekea neno. Kisha kisa kinakwisha, ngoma inabadilika, na mnafika kwenye chemko. Hapo maneno yanakaa pembeni na gita linapanda juu kabisa ya shingo yake, linaongea lenyewe dakika mbili au tatu, huku tarumbeta na saksafoni vikiitikia.

Mpangilio huo wa kisa kwanza na mchezo baadaye si mgeni kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya kijijini. Manju anatoa maneno, watu wanapokea, ngoma zinachanganya, uwanja unafunguka. Wakongo nao walikuwa na namna yao ya kufanya hivyo, ndiyo maana mzigo ulipakika upya kwa urahisi. Hata majina ya mitindo yanaonyesha safari hiyo. Morogoro Jazz ilikuwa na mtindo wa Likembe, jina la kinanda cha vidole cha Kongo. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga akaanzisha Orchestra Super Volcano, na mtindo ukaitwa Masika. Kwa mkulima wa Kilombero neno hilo halihitaji maelezo: ndiyo miezi ambayo mto unapanda mashambani.

Kujitenga kwake kunatuleta kwenye neno linalopendwa na bendi za leo, yaani kujitegemea. Muziki wa dansi wa Tanzania wakati huo ulikuwa na tajiri mkubwa: mashirika ya umma. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi wana bendi, magereza wana bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, na baadaye Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Ni rahisi leo kuyacheka mambo hayo, au kudai kwamba muziki wa kuajiriwa haukuwa na roho. Si kweli. DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, ilitoa nyimbo ambazo hadi leo zikipigwa harusini hakuna anayebaki kitini, na mtindo wake, Sikinde, ulichukua jina kwenye ngoma ya Wazaramo. Mshahara haukumzuia mtu kutunga. Tofauti ilijitokeza siku ya ugomvi. Wa bendi ya shirika akigombana na uongozi aliondoka na sauti yake tu. Gita lilibaki stoo. Ndiyo sababu wanamuziki wa zamani, wakiulizwa habari za bendi fulani, kabla ya kutaja mtunzi au mwimbaji huanza na swali: vyombo vilikuwa vya nani?

Kulikuwa na kundi jingine la vijana ambao hawakutaka rumba kabisa. Hao, kimuziki, ndio babu wa vijana wa leo wenye magita ya kukwaruza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wakipiga bugi: soul ya James Brown, roki ya kina Hendrix, suruali za bugaluu na nywele za afro. Wakubwa hawakufurahi. Vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maadili na utamaduni wa taifa.

Marufuku hiyo ilikuwa ya kibabe, na haina haja ya kutetewa. Hata hivyo iliwasukuma vijana kwenye kona yenye manufaa. Asiyeweza tena kumuiga James Brown neno kwa neno ilimbidi ajiulize ana nini cha kwake. Patrick Balisidya, mtu wa Dodoma, alianzisha Afro 70 na kulikokota gita la umeme hadi kwenye sauti za Kigogo. Mwaka 1979 alirekodi albamu ya Bado Kijana pamoja na kundi la Archimedes huko Sweden. Jijini Dar es Salaam kukawa na Sunburst, bendi iliyomkutanisha Hembi Flory Kongo kutoka Zaire na mwimbaji James Mpungo, Mtanzania. Waliuita mtindo wao Kitoto. Ndani yake kulikuwa na fanki, roki, kinanda cha umeme, na juu ya yote Kiswahili kilichoimba habari za utumwa na Afrika huru. Mwaka 1976 waliirekodi albamu yao, Ave Africa, nchini Zambia.

Zambia, siyo London. Na mwaka huohuo wa 1976, mwezi Julai, TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 za chuma zinazotoka bandarini, zinaingia bonde la Kilombero kwa Kidatu na Mang'ula, zinapita Ifakara na Mlimba, ndipo zinapanda nyanda za juu kuelekea Makambako na Mbeya. Ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya migodi ya shaba kama Kitwe, vijana walikuwa wamezama kwenye roki yao wenyewe. Bendi iliyovuma zaidi iliitwa WITCH, na kiongozi wake, Emanuel Chanda, alikuwa na jina la jukwaani la Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger wa Rolling Stones, ila limepewa irabu mwishoni ili likae vizuri mdomoni mwa Mzambia. Ukitaka mfano wa mzigo uliopakiwa upya, usitafute zaidi ya jina hilo. Bendi ilisahaulika kwa miaka mingi, kisha dunia ikaigundua tena. Mwaka 2023, Jagari akiwa mzee, WITCH ilitoa albamu nyingine, Zango.

Nairobi wana kisa kinachofanana. Mwaka 2010 kundi la Just a Band, vijana waliokuwa wakijitengenezea muziki na video zao wenyewe bila kumngoja tajiri, walitoa video ya wimbo wa Ha-He yenye shujaa aitwaye Makmende. Neno hilo lilikuwa la mitaani tangu zamani, na husemwa lilitokana na watoto waliosikia nusunusu kitisho cha Clint Eastwood kwenye sinema ya kipolisi, wakakitamka walivyoweza. Kosa la sikio likawa mhusika, mhusika akaenea Afrika Mashariki nzima kwenye simu na kompyuta.

Sasa turudi bondeni.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Asubuhi barabara ya sokoni inazo nyingi kuliko magari: zimebeba mkaa, mpunga, samaki wa mtoni, mama na mtoto. Na baiskeli, kwa mtoto mwenye masikio, ni duka la muziki. Waya wa breki ukikatika hautupwi. Unafumuliwa, na ndani yake mna nyuzi nyembamba za chuma. Galoni la mafuta ya kupikia la lita tano linatobolewa shimo la duara, linachomekwa ubao, wa mtiki ukipatikana kwa kuwa bonde lina mashamba ya mitiki. Vigingi vinachongwa kwa kisu, nyuzi tatu au nne zinavutwa hadi zilie. Gita la namna hiyo halikai kwenye tyuni zaidi ya nusu saa. Lakini lina jambo moja ambalo gita la dukani halina: sauti yake haifanani na ya santuri yoyote, kwa hiyo anayelipiga hawezi kukopi. Atapiga alichonacho kichwani, na kichwani mwa mtoto wa Ulanga na Kilombero imo sangula.

Sangula ni ngoma ya huku, ya Wapogoro na jirani zao, na haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Mahenge, Lupiro au Malinyi. Wandamba, Wambunga na Wabena wa bondeni wana zao. Miaka ya karibuni wafugaji wameshuka na ng'ombe wao kutoka Usukuma, na nyimbo zao zimekuja pamoja nao. Viwanda vya sukari vya Kilombero navyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vimekusanya watu wa kila kabila kwenye nyumba za wafanyakazi. Ni bonde moja, lakini ukisikiliza kutoka Ruaha hadi Mlimba unapita kwenye midundo mingi kuliko baadhi ya nchi za Ulaya. Kijana anayeunda bendi hapa anasema mvuto wake ni Coldplay au Nirvana. Sawa, na asione haya. Swali ni mpiga ngoma wake atafanya nini na sangula aliyoichezea utotoni: ataificha, au ataiweka chini ya lile gita linalokwaruza?

Jibu zuri lina gharama, na hapo ndipo ndoto nyingi zinapofia. Bendi ya dansi ya zamani ilikuwa na watu kumi na zaidi: waimbaji, magita manne, tarumbeta, drams, tumba. Kumi hao wote wanakula. Disko vumbi lilipoingia vijijini, na DJ mmoja mwenye spika mbili na jenereta, mwenye ukumbi alipiga hesabu akamchagua DJ. Baadaye ikaja kompyuta, biti zikatengenezwa chumbani, na mwanamuziki wa kizazi kipya akapanda jukwaani na sidii, siku hizi na flashi. Hakuna uovu hapo, ni hesabu.

Lakini hesabu hiyohiyo inaweza kuipendelea bendi ndogo. Gita moja, besi, drams na mwimbaji ni watu wanne. Wao na vyombo vyao wanaenea kwenye Noah moja, wakibanana kidogo. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9 zilizokuwa vumbi kiangazi na tope masika, imewekewa lami. Mto Kilombero, ambao zamani ulivukwa kwa pantoni, na kila aliyepakia mali ya thamani kwenye pantoni alisali kwanza, tangu mwaka 2018 una daraja la mita 384 kwenda Ulanga. Bendi inaweza kupiga Ifakara Ijumaa, Mahenge Jumamosi, na Jumapili ikawa njiani kurudi.

Hata wakati wa kupiga unajulikana. Aprili usithubutu, watu wako mashambani, maji yako kila mahali, na mbu, ambao wameupa mji wa Ifakara jina kubwa kwenye utafiti wa malaria, watakula wasanii na mashabiki bila ubaguzi. Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, kati ya Juni na Agosti, ndipo kiingilio kinapatikana mfukoni, ndipo harusi zinapangwa, ndipo mwimbaji anatuzwa jukwaani. Bendi za zamani ziliijua kalenda ya mazao kuliko bwana shamba.

Kinachobaki ni kurekodi, na hapa kizazi hiki kina bahati ambayo Mbaraka hakuwa nayo. Tanzania ya wakati wake haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kupigwa hewani, na ikitaka santuri ilipanda basi kwenda Nairobi. Safari hizo za Kenya zilimpa Mbaraka umaarufu mkubwa huko, na huko ndiko alikofia, kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Leo kijana wa Ifakara mwenye kompyuta mpakato na kipaza sauti cha wastani anarekodi nyumbani usiku, majirani wakilala, jenereta la jirani likinyamaza. Akimaliza, asajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hajaigawa. Wengi hukumbuka baada ya wimbo kupigwa kwenye tangazo la mtu.

Wazee walioicheza Super Volcano bado wapo, Kidatu, Ifakara, Mahenge, na vituo vya redio vya bondeni viko hatua chache kutoka majumbani mwao. Mwenye santuri au kanda ya enzi hizo asiiache ikaliwa na mchwa. Aipeleke kituoni, asimulie alicheza wapi na vyombo vilikuwa vya nani, na akienda aongozane na mjukuu mwenye gita. Nanyi watangazaji, mkishamuuliza huyo mjukuu amevutiwa na nani, msimwachie aondoke kabla hajapiga.